Chaki Mdomoni

Watu wa kwetu Old Moshi husema nina kinyongo. Hawakosei. Kuna watu wamejaliwa kusahau, wanaamka asubuhi wameshamsamehe hata aliyewaibia kuku. Mimi sikujaliwa hivyo na sioni haja ya kujifanya. Mwalimu wangu wa hisabati wa kidato cha pili nimembeba moyoni miaka yote hii. Kila Jumapili nilipomwona kanisani, amesimama mbele na suti yake ya kahawia, mzee wa kanisa anayesoma matangazo, nilitamani jambo moja tu: aseme. Sikutaka augue, wala sikutaka ng'ombe wake wafe. Nilitaka afungue mdomo mbele za watu aseme alichotufanyia.

Na shikamoo nilimpa. Kwetu huwezi kumpita mzee bila kumwamkia, hata kama ungependa ateleze kwenye ngazi za kanisa. Nilikuwa nasema shikamoo, yeye anasema marahaba, na mimi namalizia maneno mengine kimoyomoyo.

Enzi hizo darasani alikuwa na mwandiko mzuri kuliko walimu wote. Kila kipindi aliingia, akatugeuzia mgongo, akaanza kuandika mfano kutoka kona ya juu ya ubao mpaka kona ya chini, akapiga mstari chini ya jibu, ndipo akatuangalia. Alituuliza kwa Kiingereza kama tumeelewa. Tulijibu wote kwa pamoja, kwa Kiingereza hichohicho, kwamba tumeelewa, maana hiyo ndiyo sentensi pekee tuliyokuwa na uhakika nayo.

"Hesabu haiongei," alikuwa akisema. "Hesabu inaandikwa."

Ukinyoosha mkono kuuliza, uliambiwa utazame ubao. Ukiuliza kwa Kiswahili, ulisimama mpaka kipindi kiishe. Kichagga ndiyo usiseme, hicho kilikuwa na viboko vyake.

Kwenye dawati langu nilikaa na rafiki yangu, binti wa kihamba cha jirani, shamba la migomba lililopakana na letu. Tulikua pamoja tukikata majani ya ng'ombe, tukitumwa pamoja, tukigombezwa pamoja. Yeye ndiye aliyekuwa na maswali mazuri. Mimi nilikuwa naelewa haraka, lakini yeye alikuwa anauliza mpaka jambo linabaki mifupa mitupu. Kwa kuwa hakuruhusiwa kumuuliza mwalimu, aliniuliza mimi, kwa Kichagga, mdomo ukiwa umefichwa nyuma ya mkono.

Siku hiyo mada ilikuwa milinganyo. Mwalimu aliandika tatu iksi ongeza tano ni sawa na ishirini, kisha akaichukua ile tano akaipeleka upande wa pili, ikawa kutoa tano. "Ikivuka, inabadilika," alisema. "Ni sheria." Akaendelea kuandika.

Rafiki yangu akaninong'oneza, "Imevuka nini? Mto?"

Nikamwambia haijavuka kitu. Nikamwambia afikirie mzani wa bucha, nyama upande huu, mawe upande ule, na umetulia. Ukiondoa kitu upande mmoja, lazima uondoe kiasi hichohicho upande wa pili, la sivyo mzani unalala. Tano imeondolewa huku na imeondolewa kule. Mwalimu anaficha upande mmoja tu, ndiyo maana inaonekana kama imeruka.

Rafiki yangu akasema, "Aaah."

Alisema kwa sauti. Hakukusudia. Mimi ni mwalimu sasa na sauti ile naijua, huwezi kuiigiza. Ni sauti ya mtu aliyekuwa anapapasa ukuta gizani akaipata swichi. Darasa zima halikuwa limewahi kutoa sauti hiyo tangu mwaka uanze.

Mwalimu akageuka. Aliuliza nani. Nikasimama, nikasema kwa adabu zote kwamba nilikuwa namweleza mwenzangu.

"Wewe ndiye mwalimu?"

Nikatazama daftari langu.

Akatuita mbele wote wawili. Akachukua chaki nzima, akaikata vipande viwili, akatuambia tufungue midomo. Alituwekea kwenye meno, kila mmoja na kipande chake, akatugeuza tuwatazame wenzetu. "Redio hizi zimezimwa," akasema. Darasa likacheka. Hata waliokuwa wanatupenda walicheka, maana usipocheka na wewe unaitwa mbele.

Tulisimama hivyo mpaka kengele ilipolia. Sijui kama umewahi kuweka chaki mdomoni. Inaanza kuwa ngumu, halafu inalainika, halafu huwezi kumeza wala kutema. Mate meupe yalitiririka kidevuni mpaka kwenye sweta, na mimi nilikuwa katika ule umri ambao hata kupiga chafya mbele ya wavulana ni aibu. Tangu siku ile jina langu likawa Redio. Wapo watu wazima, wana wajukuu, bado wananiita Redio nikishuka mjini.

Lakini jina si kitu. Kinachonichoma ni kwamba rafiki yangu hakusema tena "Aaah." Nilimnong'oneza, akatikisa kichwa. Nilimuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa, kwa sauti ileile tuliyokuwa tukimjibu mwalimu. Akafeli mtihani wa kidato cha pili. Akarudia, akafeli tena, na baba yake akasema basi, inatosha. Sasa anauza nguo za mitumba sokoni Kiboriloni. Ana mdomo huyo. Anaweza kukuuzia sweta jua likiwa limesimama utosini, ukaondoka unashukuru. Lakini mtoto wake akileta kazi ya hesabu kutoka shule, mama mtu anainuka kwenda kutazama sufuria. Nimeona kwa macho yangu. Hata sufuria yenyewe inakuwa haijawekwa jikoni.

Mimi nilimfundisha ng'ombe. Si utani. Nilipokuwa namkatia majani ya migomba, nilimweleza milinganyo, nikamweleza pembetatu, nikamuuliza kama ameelewa na nikijiona sijaeleza vizuri nilirudia. Alikuwa anatafuna na kunitazama, na kwa usikivu alimpita mwalimu wangu mbali sana. Nilifaulu hisabati kwa hasira. Nikaenda chuo cha ualimu kwa hasira. Mtu anaweza kufika mbali kwa mafuta hayo, tusidanganyane.

Leo nafundisha shule ya sekondari huku huku mlimani, na Jumamosi nina darasa langu nyumbani, kwenye baraza. Ukuta nimeupaka rangi nyeusi, ndio ubao. Wanakuja watoto wa shule mbalimbali, wengine wanapanda kutoka mjini. Sheria yangu ni moja: hapa hakuna anayeshika chaki mdomo wake ukiwa umefungwa. Unaandika huku unasema. Unasema unachofanya na kwa nini unakifanya. Anza kwa Kiswahili, anza kwa Kichagga, anza kwa lugha ya mama yako yoyote ile, tutaivusha kwenda Kiingereza mwishoni kwa sababu mtihani uko huko.

Kuna zoezi wanalolipenda mpaka wanagombana. Wawili wanakaa wamepeana migongo. Mmoja ana umbo kwenye karatasi, mwenzake ana karatasi tupu, na mwenye umbo anaeleza tu, bila kugeuka, mpaka mwenzake alichore. Kelele zinazotoka hapo, majirani wameshazoea. "Chora mstari." Mstari upi, mrefu kiasi gani? "Halafu unakunja." Unakunja kuelekea wapi? "Kwa juu, kama unaenda mlimani." Juu ya karatasi au juu ya Moshi? Mmoja aliwahi kuchora pembetatu imesimama kichwa chini, akaapa kwamba ndivyo alivyoambiwa, na kweli ndivyo alivyoambiwa. Hapo ndipo wanaanza kuomba wenyewe maneno ya kihisabati. Wanataka nyuzi, wanataka sambamba, kwa sababu wameona bila maneno hayo hawaelewani. Mimi nimekaa pembeni na chai yangu, namkumbuka mtu fulani wa suti ya kahawia.

Sasa Jumapili moja, baada ya ibada, tulikuwa nje kwenye mnada wa sadaka, zile ndizi na mayai na kuku ambao waumini wanaleta badala ya fedha. Nikamwona anakuja kwangu. Amezeeka, anatembea kwa kupima ardhi. Nyuma yake kuna mjukuu wake, msichana wa kidato cha nne, amekumbatia kuku waliyemnunua.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akasafisha koo. "Nasikia una darasa."

"Ninalo."

"Huyu namfundisha mwenyewe nyumbani. Anaandika vizuri sana. Ila swali likija na maneno, anaganda. Anataka kusoma famasia, na chuo anachokitaka hakimchukui bila hisabati. Mtihani ni mwaka huu."

Nikamtazama msichana. Alikuwa anatazama miguu ya kuku. Nikamuuliza tatizo ni nini hasa. Akafungua mdomo, akamtazama babu yake, akafunga. Nilimjua palepale. Nilikuwa nimekaa naye dawati moja, akiwa na sura nyingine.

"Nafasi zimejaa," nikasema.

Hazikuwa zimejaa. Nilisema uongo nikiwa kwenye uwanja wa kanisa, na msalaba unanitazama. Nikaona kitu kinacheza chini ya jicho la mzee, nikajua amekumbuka ile chaki, na nikajua kwamba anajua namlipizia. Nilienda nyumbani nikala kiburu, zile ndizi zetu za maharage, sahani mbili.

Utasema mtoto ana kosa gani. Hana. Hata rafiki yangu hakuwa na kosa. Nilishuka Kiboriloni kumpa habari, akacheka mpaka sweta alizokuwa amezikunja zikaanguka. "Mwache achemke," akasema. "Mwache kabisa."

Nikamwacha. Jumapili zilizofuata nilimpa shikamoo yangu, nikapita. Nikasikia msichana amefanya mtihani wa majaribio na hisabati imemshinda vibaya. Nikasikia analia, anakataa kula. Hilo halikunipa raha, lakini halikunibadilisha.

Halafu akaja na isale.

Kama si mtu wa kwetu nikueleze. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Mchagga akimkosea mtu kosa kubwa, anachuma jani lake, analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea. Ukiletewa isale hukatai. Wazee wanasema ukilikataa, laana iliyokuwa ya mkosaji inahamia kwako. Vijana wa siku hizi wanacheka mambo mengi ya kale, ila bado sijaona anayelicheka hilo likiwa limenyooshwa mbele yake.

Ilikuwa Jumamosi, baraza limejaa watoto, wamepeana migongo, kelele mpaka barabarani. Kelele zikafa. Nikageuka, nikamwona amesimama uani na ile suti, mjukuu nyuma yake, na mkononi jani la kijani limefungwa fundo. Akaja mpaka mbele yangu. Akalinyoosha. Hakusema neno.

Hapo damu ilinichemka. Miaka yote nimengoja aseme, na amepata njia ya kuomba msamaha bila kusema. Ameleta jibu na mstari chini yake. Nilijua mila, nilijua lazima nilipokee. Lakini mila haikuniambia nilipokee haraka kiasi gani. Nikaweka mikono yangu nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu. Hili la nini?"

"Unajua."

"Sijui. Nieleze."

Akatazama watoto. "Isale halielezwi."

"Hapa kwangu kila kitu kinaelezwa," nikasema. "Uliza hawa."

Watoto wakamtazama. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa. Nikachukua chaki, nikaandika ukutani mlinganyo ule wa mzani, nikampa ile chaki. Nikamwambia aanze na kitu chepesi, atafute iksi, na sheria yetu ni kwamba anayeandika anasema.

Watu wengine wangeondoka. Yeye akamtazama mjukuu wake, akahamishia jani mkono wa kushoto, akaenda ubaoni. Mwandiko ulikuwa uleule. "Tano inavuka, inabadilika, inakuwa kutoa tano," akasema.

Msichana mmoja wa kutoka mjini, mchokozi lakini mwenye adabu, akanyoosha mkono. "Samahani, babu. Kwa nini inabadilika?"

Hakuwa amefundishwa na mtu kuuliza vile. Ni kawaida yetu pale, kila mmoja huulizwa hivyo. Lakini mimi nilishika nguzo ya baraza ili nisitabasamu.

"Ni sheria," akasema mzee.

"Imetoka wapi?"

Kuku wa jirani walisikika. Watoto hawakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi kwake, maana kicheko kingempa mahali pa kukasirikia. Walikuwa wanasubiri, kwa sababu pale kwangu anayefikiri anapewa nafasi.

"Sijui," akasema. Akaendelea akiwa ameutazama ukuta. "Niliwahi kuuliza hivyo nikiwa mdogo kuliko nyinyi. Nikachapwa. Nikaikariri. Nilipokuwa mwalimu, kila aliyenyoosha mkono nilimwogopa."

Unangoja niseme huruma ilinishika. Haikunishika. Mtu aliyechapwa kwa kuuliza ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kuitupa fimbo. Yeye aliirithi kama shamba.

"Hilo ni la ubaoni, Mwalimu," nikasema. "Bado la mkononi."

Akageuka kwa watoto. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani alizungumza na darasa akiwa analitazama. "Huyu mwalimu wenu," akasema, "nilimtia chaki mdomoni akasimama mbele ya wenzake. Kosa lake ni kwamba alieleza kitu ambacho mimi nilikuwa sikijui. Nilimwonea wivu. Nilimnyamazisha ili nisiaibike. Naomba anisamehe."

Nikapokea isale. Utamu nilioupata siwezi kuufananisha na kitu, na nisingependa kuupunguza kwa kujifanya mtakatifu. Nilimsogezea mjukuu wake benchi, nikamwambia akae. Siku ile hakusema lolote. Jumamosi ya tatu au ya nne akasimama katikati ya maelezo ya mwenzake akasema, "Mimi hapo sijaelewa," na nikajua sasa kazi inaweza kuanza. Tunaendelea naye. Anauliza mpaka wenzake wanamkimbia.

Lakini jioni ile ile ya isale, hata vyombo vya chai sikuosha, nilishuka mbio Kiboriloni. Rafiki yangu alikuwa anafunga biashara. Nikamsimulia kila kitu, nikaiga sauti ya mzee, nikaiga mkono ulivyonyooshwa, nikamwonyesha nilivyoweka mikono nyuma. Alisikiliza huku anakunja nguo. Nilingoja acheke.

"Na mimi alinitajaje?" akauliza.

Nikafungua mdomo.

"Alisema alimtia chaki nani?"

"Alisema mwalimu wenu."

"Mmoja." Akaiweka sweta juu ya nyingine, akainyoosha kwa kiganja. "Ile chaki aliikata vipande viwili. Cha pili alimtia nani?"

Utamu wote ukachacha mdomoni. Nilikuwa nimesimama pale na ushindi wangu, na yeye ndiye aliyeacha shule. Mimi nilikuwa na baraza, na ubao, na watoto wa kunishuhudia, na nimepewa jani juu yake. Mwenye hasara alikuwa anakunja sweta.

"Kama ana mdomo," akasema mwishowe, "aje hapa kwenye meza yangu, mbele ya wateja wangu."

Kesho yake sikungoja ibada iishe vizuri. Nilimfuata mzee mpaka kihambani kwake, nikamkuta ameshavua koti, anategemeza kwa mti mgomba uliolemewa na mkungu. Alinikaribisha kwa uso mkunjufu, kama mtu aliyeshalipa deni lake lote. Nikampa shikamoo. Nikamwambia tulikuwa wawili. Nikamwambia wa pili yuko hai, yuko Kiboriloni, anauza mitumba, na anamngoja.

Aliacha ule mti aliokuwa anauegemeza. Nikamwona anarudi darasani kichwani mwake, anatafuta dawati kwa dawati.

"Nitachuma jani," akasema. "Utampelekea?"

"Hapana. Utapeleka mwenyewe. Siku ya gulio, watu wakiwa wamejaa. Na utasema kama ulivyosema kwangu."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Anaitwa nani?"

Alimfundisha miaka miwili. Nilikuwa na jina la rafiki yangu kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza.

"Soko lile ni kubwa, Mwalimu," nikamwambia. "Pita meza kwa meza, uliza. Kuuliza si ujinga."